Upepo na jua havitozwi bei, kwa nini kampuni za umeme za Ulaya zinayumba?

Muongoza Wageni, Usa River

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda Meru na Kilimanjaro, kwa hiyo mambo ya umeme ninayajua kwa kiwango cha mtu anayenunua LUKU tu, yaani umeme wa kulipia kabla. Wiki iliyopita nilikuwa na mgeni Mjerumani, mtu mzima aliyestaafu ualimu, ambaye alinikuta nikiingiza tarakimu 20 za LUKU kwenye mita, akataka kujua kama bei ya uniti hubadilika kati ya mchana na jioni. Nilipomwambia kwamba kwetu uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa mbili usiku ni bei ileile, alitoa simu akanionyesha mchoro wa bei ya jumla ya umeme nchini kwake kwa Jumapili iliyokuwa imepita. Mstari ulianza asubuhi ukiwa juu kidogo, ukashuka taratibu, ulipofika saa tano ukapita chini ya sifuri na kukaa huko hadi saa tisa alasiri, kisha jioni ukapanda wima kama ukuta wa Mawenzi.

Alinieleza kwamba katika saa zile za chini ya sifuri, mwenye mtambo ndiye anayemlipa mtu akubali kuuchukua umeme wake. Kilichonichanganya ni kwamba palepale alilalamika kuwa familia ya kawaida kwao inalipa takriban senti 40 za yuro kwa uniti moja, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi 1,000, na kwamba kampuni kubwa za umeme alizozijua tangu utoto nyingine zimejigawa vipandevipande na nyingine zimechukuliwa na serikali.

Naomba kueleweshwa. Ikiwa jua na upepo havitozwi bei, na mteja analipa fedha nyingi kiasi hicho, hasara ya kampuni inatoka wapi, na ni nani anayepata faida? Aidha, nilipomsimulia mjadala wetu wa mwaka 2025 kuhusu kanda hii ya kaskazini kununua umeme wa Ethiopia ilhali Rufiji kuna Bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, hakushangaa hata kidogo. Alisema kwao ni hivyohivyo. Sikumwelewa, na niliona aibu kuuliza mara ya pili.

Mhandisi Mstaafu, Kibosho

Marahaba, kijana wangu. Nilifanya kazi kwenye njia kuu za umeme na vituo vya kupoza umeme kwa zaidi ya miaka 30 kabla sijarudi kihambani, na mambo ya Ulaya nimeendelea kuyafuatilia kwa sababu vitabu na mitambo tuliyofundishwa navyo vilitoka huko.

Nianze na mfongo, yaani mfereji wetu wa kienyeji wa maji ya mashamba. Ukoo wetu una zamu kwenye mfongo unaoshuka kutoka msituni, na maji yake hakuna anayeyauza. Hata hivyo kila mwaka kabla ya kiangazi tunatoka na majembe kuuzibua, na asiyetoka analipa faini ya pombe. Ugomvi wote ninaoukumbuka tangu utoto ulihusu zamu ni ya nani na mfereji upite katika shamba la nani. Ukishika hilo, utaelewa yaliyoipata Ulaya kwa urahisi kuliko wengi wanaosoma magazeti ya biashara.

Kampuni za zamani kama E.ON na RWE za Ujerumani, EDF ya Ufaransa na Enel ya Italia zilijengwa juu ya hesabu moja, kwamba ukiwa na mitambo mikubwa ya makaa ya mawe, gesi, maji au nyuklia, utauza uniti nyingi, na faida yako nono utaipata mchana, wakati viwanda, ofisi na majiko yote yanafanya kazi kwa pamoja. Katika soko la Ulaya, kwa kila saa mitambo hupangwa foleni kuanzia ule wenye gharama ndogo ya kuendesha hadi ule wenye gharama kubwa, na bei ya yule wa mwisho aliyehitajika ndiyo wanayolipwa wote walio kwenye foleni. Mwenye paneli au mtambo wa upepo hana mafuta ya kununua, kwa hiyo anasimama mbele kabisa, na kila anapoongezeka mmoja mbele, mmoja wa nyuma anasukumwa nje na bei ya wote inashuka. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye paneli na upepo bei maalumu kwa miaka 20 pamoja na kipaumbele cha kuingia gridini, na waliochangamkia fursa hiyo walikuwa wakulima, vyama vya ushirika na watu wenye mapaa mapana, wakati kampuni kubwa zikiitazama kama mchezo wa watoto. Basi jua likaja kuchukua saa ileile ya mchana ambayo wakubwa walikuwa wakiitegemea kwa chakula chao.

Mwezi Machi 2011 ikatokea ajali ya Fukushima kule Japani, na Ujerumani ikafunga mara moja mitambo 8 kati ya 17 ya nyuklia. Mitatu ya mwisho ilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. RWE ilitangaza kwa mwaka 2013 hasara ya yuro bilioni 2.8, ambayo ilikuwa ya kwanza kwake katika zaidi ya miaka 60. E.ON iliamua kujigawa. Mitambo ya gesi na makaa ya mawe ikawekwa katika kampuni mpya iliyoitwa Uniper, ambayo ilianza kusimama peke yake mwaka 2016, na E.ON yenyewe ikabaki na nyaya, wateja na upepo. Kisha mwaka 2018 E.ON na RWE, ambao walikuwa washindani wa miaka mingi, walikubaliana kubadilishana mali. RWE ikabaki na uzalishaji, ukiwamo upepo wa pande zote mbili, na E.ON ikachukua nyaya na wateja, hata leo inasimamia takriban kilomita milioni 1.6 za nyaya katika nchi kadhaa. Kwa maoni yangu, E.ON ilichagua mfongo ikaacha maji, na haikukosea, maana ada ya kupitisha umeme hupangwa na mdhibiti, na hulipwa jua liwake lisiwake.

Sasa kuhusu bei ya chini ya sifuri. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasizime tu. Mtambo wa makaa ya mawe ukizimwa saa tano hauwezi kuwa tayari saa kumi na mbili jioni bila gharama na uchakavu, kwa hiyo mwenyewe anaona afadhali alipe kidogo kuliko kuuzima. Aliyehakikishiwa bei na serikali hana sababu ya kutazama bei ya soko, na paneli zilizo juu ya paa la bibi kizee kijijini hazina mtu wa kuzizima. Ndiyo maana mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na saa 457 za bei ya chini ya sifuri, na mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba jioni, palipokuwa na giza na upepo umetulia kabisa, bei ilipita yuro 900 kwa kila uniti 1,000. Wajerumani wana neno lao kwa hali hiyo, Dunkelflaute, yaani giza lisilo na upepo, na ni neno linalowanyima usingizi waendesha gridi kila Novemba inapoingia.

Hapo tumezungumzia zamu. Bado mfereji wenyewe. Upepo wa Ujerumani uko kaskazini, karibu na bahari, na viwanda vikubwa vya magari viko kusini, Bavaria na Baden-Württemberg. Nyaya zilizopo hazitoshi. Kuna njia inayoitwa SuedLink, yenye urefu wa takriban kilomita 700 na uwezo wa megawati 4,000, ambayo ilitakiwa kukamilika mwaka 2022. Wananchi wa njiani walikataa nguzo zisipite mbele ya macho yao, serikali ikaamua mwaka 2015 kwamba nyaya zizikwe ardhini, michoro ikaanza upya, na sasa inatajwa mwaka 2028. Wakati wakisubiri, msimamizi wa gridi hulazimika kumlipa mwenye upepo wa kaskazini apunguze, na palepale kumlipa mwenye mtambo wa gesi wa kusini aongeze. Mwaka 2023 peke yake hatua za namna hiyo ziligharimu takriban yuro bilioni 3. Fedha hizo, pamoja na ada ya nyaya, kodi na tozo, ndizo zinazoifanya uniti ya mgeni wako ifike senti 40 hata siku ambayo umeme sokoni unagawiwa.

Na usidhani ni Ujerumani tu. Kamisheni ya Ulaya ilikadiria mwaka 2023 kwamba gridi za Umoja wa Ulaya zinahitaji uwekezaji wa yuro bilioni 584 hadi mwaka 2030, na kwamba asilimia 40 hivi ya nyaya za usambazaji zina umri wa zaidi ya miaka 40. Kule Uholanzi, kampuni kwa maelfu ziko kwenye orodha ya kusubiri kuunganishwa au kuongezewa umeme, si kwa sababu umeme haupo, bali waya wa kuufikisha umejaa.

Mhasibu wa Njiro

Shikamoo Mzee wangu, na asante kwa mfano wa mfongo. Ninakubaliana na mengi, ila naomba nipingane nawe mahali pamoja. Ukimsikiliza Mzee unaweza kudhani kwamba jua na upepo ndivyo vilivyowaangusha wakubwa. Vilipunguza faida zao, ni kweli, lakini pigo lililozipeleka kampuni mikononi mwa serikali lilitokana na gesi na nyuklia, yaani mitambo ileile iliyoitwa ya kutegemewa.

Chukueni Uniper, yule mtoto aliyeachiwa makaa na gesi. Ilikuwa imesaini mikataba ya kuziuzia gesi kampuni za miji kwa bei ya zamani, ikitegemea gesi ya Urusi, ambayo kabla ya vita vya Ukraine ilikuwa takriban asilimia 40 ya gesi yote iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya. Wenzetu wa Kagera wanajua ubaya wa butura, pale mkulima anapouza kahawa ingali maua. Uniper iliuza ambacho hakijafika ghalani. Urusi ilipobana bomba mwaka 2022, Uniper ililazimika kwenda sokoni kununua gesi kwa bei ya siku hiyo, ambayo mwezi Agosti ilipita yuro 300 kwa kila uniti 1,000, huku ikiendelea kumkabidhi mteja kwa bei ya mkataba. Hasara ya mwaka ule ilikuwa yuro bilioni 19, na kufikia Desemba serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua takriban asilimia 99 ya hisa. Mwenye hisa nyingi hadi wakati huo alikuwa Fortum ya Finland, ambaye aliziachia zote kwa yuro nusu bilioni tu.

Kuna jambo jingine ambalo wasiokaa na madaftari hawalioni. Kampuni inayouza umeme wa mwaka kesho leo hutakiwa kuweka dhamana sokoni, na bei ikipanda, dhamana inapanda nayo, ingawa umeme wenyewe upo na utauzwa kwa faida. Mwaka 2022 kampuni zenye faida kwenye karatasi zilikosa fedha taslimu za dhamana, hata Fortum ikaenda kuomba mkopo wa yuro bilioni 2.35 kwa serikali ya Finland. Nimewahi kuona jambo la aina hiyo kwa udogo wake katika duka moja la pembejeo nilikofanya hesabu. Ghala lilikuwa limejaa, wadeni walikuwa waaminifu, lakini fedha ya kumlipa mwenye lori haikuwepo, na duka likafungwa likiwa tajiri.

EDF yao ni hadithi ya kipekee. Mwaka 2022 mitambo mingi ya nyuklia ya Ufaransa ilisimamishwa kwa sababu ya nyufa za kutu kwenye mabomba, na wakati huohuo sheria iliilazimisha kuwauzia washindani wake sehemu ya umeme wa nyuklia kwa bei ya yuro 42 kwa uniti 1,000. Mwaka ule serikali iliongeza kiasi cha umeme huo wa kuuzwa rahisi ili wananchi wasiumie. EDF ilipokosa umeme wa kutosha kutoka kwenye mitambo yake, iliununua ghali sokoni, ikauza rahisi kwa amri, ikapata hasara ya yuro bilioni 17.9. Serikali, ambayo tayari ilikuwa na asilimia 84, ilinunua hisa zilizobaki mwaka 2023. Uingereza nako takriban kampuni 30 za kuuza umeme na gesi zilifungwa ndani ya muda mfupi tangu mwaka 2021, nyingi zikiwa changa, zisizo na mtambo wala waya, ambazo zilikuwa zikinunua leo na kuuza leo chini ya bei kikomo ya mdhibiti. Hizo sizihurumii sana. Zilikuwa madalali wenye programu nzuri za simu.

Upande wa fursa pia una mtego wake. Kampuni ya Denmark iliyoitwa DONG, ambayo herufi zake zilimaanisha mafuta na gesi ya Denmark, ndiyo iliyokuja kurithi mitambo 11 ya upepo baharini, ya kwanza duniani, iliyosimikwa mwaka 1991 huko Vindeby. Mwaka 2017 iliuza mafuta na gesi yake na kubadili jina kuwa Ørsted, na kwa miaka kadhaa kila mwanafunzi wa biashara alifundishwa kuisifu. Lakini mtambo wa upepo ni sawa na kununua mafuta ya miaka 25 kwa siku moja, tena kwa fedha ya mkopo. Riba zilipopanda na vyuma vikapanda bei, hesabu zilivurugika, na mwezi Novemba 2023 Ørsted iliachana na miradi miwili mikubwa ya New Jersey, Marekani, kisha mwaka 2025 ikawarudia wenye hisa kuomba kroni bilioni 60.

Ndiyo maana ninaona fursa kubwa kuliko zote kwa kampuni hizi ni mkataba mrefu, kuliko hata huo waya wa Mzee. Katika mageuzi ya soko ya mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ulikubali mikataba ambayo serikali na mzalishaji wanapanga bei moja ya katikati. Soko likishuka chini yake, serikali inafidia, na likipanda juu yake, mzalishaji anarudisha. Mwenye mkataba huo anakopa benki kwa riba nafuu, na katika biashara isiyonunua mafuta, riba ndiyo mafuta.

Fundi Sola, Majengo Moshi

Mzee shikamoo, dada habari ya kazi. Mimi nafunga paneli na inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na naona wote wawili mmemsahau mteja. Mzee amesema paneli za bibi kizee hazina wa kuzizima, na ni kweli kwa zile za zamani, lakini inveta za sasa zinasikiliza simu, na betri imeshuka bei sana. Ujerumani sasa mtu anaweza kutundika paneli zenye inveta ya hadi wati 800 kwenye varanda ya ghorofa na kuchomeka kwenye soketi, na waliofanya hivyo wamepita milioni moja. Kampuni iliyozoea kumwona mteja kama mita tu, huyo inampoteza. Kampuni nyingine huko zinampa mteja bei nafuu kwa sharti kwamba wao ndio wachague saa ya kuchaji gari lake, na wanaichagua ile saa ya chini ya sifuri. Hiyo ni biashara ambayo haihitaji kujenga hata nguzo moja.

Nina swali kwa Mzee. Kuna hoteli moja ndogo hapa mjini niliyoifungia betri na paneli za kilowati 20 zilizounganishwa na gridi, na iko mwisho kabisa wa laini. Siku za kazi hakuna tatizo. Jumapili saa sita, karakana za jirani zikiwa zimefungwa na jua likiwa utosini, inveta inaniandikia volti 256, inajizima, inasubiri, inawaka, inajizima tena, na meneja ananipigia simu nikiwa kanisani. Sasa nilisikia kwamba Uhispania na Ureno zilizima nzima tarehe 28 Aprili 2025, mchana wa jua kali, na kwenye makundi ya WhatsApp watu waliandika kwamba sola ndiyo iliyoua gridi. Je, ni kitu kilekile ninachokiona mimi hapa kwenye hoteli, kwa ukubwa wake?

Mhandisi Mstaafu, Kibosho

Marahaba, fundi. Swali lako ni zuri, na jibu ni ndiyo kwa nusu.

Nimsikilize kwanza binti yangu wa Njiro. Nakubali kwamba gesi ndiyo iliyowamaliza akina Uniper, na nilikosea kulipita jambo hilo kimya. Hata hivyo mkataba mrefu unamlinda mzalishaji dhidi ya bei, haumlindi dhidi ya waya uliojaa.

Kuhusu Uhispania. Saa 6:33 mchana zilipotea megawati takriban 15,000 ndani ya sekunde tano, karibu asilimia 60 ya umeme uliokuwa ukitumika nchini humo wakati ule. Wengi walidhani umeme ulipungua. Uchunguzi ulionyesha kwamba msongo wa umeme, yaani zile volti, ulipanda kupita kiasi, mitambo ikaanza kujitoa kwenye gridi ili kujilinda, kila uliojitoa ukaufanya msongo uzidi kupanda, na wengine wakafuata. Hiyo ni inveta yako ya Jumapili, mara elfu nyingi. Lakini ripoti ya serikali yao iliyotoka mwezi Juni haikusema kwamba jua ni baya. Ilisema msimamizi wa gridi hakuwa amepanga mitambo ya kutosha ya kudhibiti msongo kwa siku ile, na kwamba baadhi ya mitambo ya kawaida iliyolipwa kwa kazi hiyo haikuifanya ipasavyo, wakati sehemu kubwa ya jua na upepo ilikuwa haijaruhusiwa na kanuni kusaidia, ingawa mashine zake zingeweza. Waliwasha upya kwa mitambo ya maji, na kwa kuvuta umeme kutoka Ufaransa na Morocco, na hadi asubuhi iliyofuata karibu nchi nzima ilikuwa imerudi. Sisi tuliofanya kazi gridini tunajua kwamba kuirudisha nchi nzima kwa usiku mmoja ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Kwa hiyo kuna biashara mpya hapo ambayo zamani haikuwa na bei, kwa sababu mashine kubwa zinazozunguka ziliitoa bila mtu kuiomba. Leo kudhibiti msongo, kuzuia masafa, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, yasiyumbe na kuwasha gridi iliyozimika ni huduma zinazonunuliwa, na kampuni yenye betri au bwawa la kupandisha maji kwa pampu na kuyaachia umeme ukihitajika inalipwa kwa kukaa tayari.

Kuhusu hoteli yako, fanya wanavyofanya Wapare. Kule milimani Same wana ndiva, mabwawa ya kienyeji ambayo maji ya kijito hujazwa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Usiiache betri ijae asubuhi na mapema, maana ikifika saa sita haina nafasi. Iache tupu hadi saa tano, kisha ichaji kwa nguvu katika saa zile mbaya, na kipasha maji cha wageni kiwashwe muda huohuo.

Muongoza Wageni, Usa River

Asanteni sana. Nimeelewa mambo ya zamu na mfereji, na ile butura ya dada nimeicheka kwa uchungu, maana hata sisi huuza safari za Agosti mwezi Januari kwa bei ambayo mafuta ya magari huja kuila. Limebaki swali langu la mwisho, lile la Rufiji na Ethiopia.

Mhandisi Mstaafu, Kibosho

Umeshajijibu bila kujua. Mwezi Machi 2025, Rais Samia akiwa mkoani Kilimanjaro alieleza kwamba umeme unaosafirishwa umbali mrefu hadi kanda hii unapotea njiani, na akataja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walikasirika kwa sababu walihesabu megawati za Rufiji na kusahau kuhesabu kilomita. Bwawa la Nyerere liko kusini mashariki, mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja inatema umeme Chalinze, na kutoka hapo hadi vituo vya Kiyungi, Moshi, na Njiro, Arusha, njia ya miaka mingi iliyopitia Hale na Same ni ya kilovolti 132. Msongo ukiwa mdogo, mkondo unakuwa mkubwa kwa umeme uleule, na waya unapata moto. Moto huo ndiyo hasara. Wakati huohuo njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, imeshakamilika na inaweza kubeba hadi megawati 2,000, na Kenya nayo imeunganishwa na Ethiopia. Ukitazama ramani ya nyaya badala ya ramani ya nchi, jirani wa Arusha ni Nairobi.

Mgeni wako hakushangaa kwa sababu Bavaria nao hununua umeme wa Austria siku ambazo upepo wa kwao wenyewe umezuiwa kaskazini. Ila usichukue maneno yangu kuwa utetezi wa kila mkataba wa kununua umeme nje. Bei, muda na masharti ya kukatiwa ni mambo ya kuulizwa, na binti yangu wa Njiro anaweza kuyauliza vizuri kuliko mimi.

Mhasibu wa Njiro

Ningeuliza moja tu kwanza, Mzee: siku maji yakipungua kwenye mabwawa ya Ethiopia, ni nani anayekatiwa kabla ya mwingine? Uniper hawakuwa wamelipima vya kutosha swali hilo kwa bomba lao.

Fundi Sola, Majengo Moshi

Nimerudi kutoa taarifa. Jumamosi jioni nilipanga betri ya hoteli ianze kuchaji saa tano badala ya saa moja asubuhi, na kipasha maji nikakiwekea saa ya kujiwasha saa sita kasorobo. Jana Jumapili nilikaa mwenyewe mbele ya inveta kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane. Ilifika volti 247 ikarudi, haikujizima hata mara moja, na meneja amesema kwa mara ya kwanza wageni waliorudi kutoka mlimani jioni walioga maji ya moto bila kuwasha kuni.